Siku Baba Mkubwa Alipotoka Mbele ya Kamera

Baba yangu mkubwa amekufa mara nyingi kuliko mtu yeyote wa Rodi Kopany. Amekufa kwa risasi, kwa sumu, kwa kuanguka kutoka kwenye farasi ambaye hata hakuwa amempanda vizuri, na mara moja kwa mapenzi, jambo ambalo mama mkubwa, mkewe, hajamsamehe mpaka leo. Kila akifa, wazee waliokaa dukani mbele ya ile televisheni ya betri ya gari wanatikisa vichwa na kusema, "Leo amekufa vizuri." Halafu wanamwambia mwenye duka azime, betri isiishe bure, maana kama yeye amekufa, kuna nini tena cha kuangalia?

Ni mwigizaji. Alianzia misheni ya Asumbi kwenye mchezo wa Krismasi, akiwa kondoo. Anadai alilia vizuri hadi mbuzi wa kweli wakamjibu kutoka nje. Mimi humwambia mbuzi hujibu chochote, hata pikipiki. Baadaye akaenda Nairobi, akawa karani wa reli mchana na mfalme, mlevi au mwizi jioni, kutegemea wiki. Kisha akaacha reli kabisa, na hapo ndipo nyanya yangu alipoacha kumuulizia habari za kazi mbele za watu.

Kazi iliyomlisha kwa muda mrefu ilikuwa kuzungusha vitabu vya mtihani. Kama umesoma Kenya unaijua: waigizaji wanapanda lori, wanaingia shule moja baada ya nyingine, wanaigiza kile kitabu ambacho wanafunzi watatahiniwa. Anasema hakuna watazamaji wabaya kama hao. Siku moja, katika shule fulani ya wasichana, alisahau mstari. Akasimama. Akakohoa kama mfalme. Wasichana wote, ambao walikuwa wamekariri kitabu kuanzia jalada, wakamtajia mstari wenyewe, ukumbi mzima kwa sauti moja, kisha wakaendelea na mistari yake iliyofuata, na yeye akabaki kufungua na kufunga mdomo tu. "Walinimaliza," huwa anasema, "lakini walinimaliza kwa ufasaha."

Halafu ikaja televisheni. Walimpa uchifu katika kipindi cha kuchekesha, na akakaa na uchifu huo hata watu wa kwetu wakasahau kwamba si wa kweli. Akitembea sokoni, kina mama wanaficha mitungi ambayo haina hata pombe. Mzee mmoja wa upande wa Migori alisafiri kutwa nzima kumletea kesi ya mpaka wa shamba. Baba mkubwa aliisikiliza yote, akaikata, na nasikia mpaka ule umeheshimiwa mpaka sasa. Kwenye sinema za wageni hakupewa makubwa. Hubeba masanduku. Kuna moja ambayo tuliisubiri miezi, na alipotokea ilikuwa kisogo chake kinafungua mlango. Nyanya alikitambua mara moja. "Hicho kichwa nilikizaa kwa shida," alisema, na duka zima likapiga makofi.

Sasa, tatizo letu.

Kwetu, mtoto wa kiume akikua anajenga kibanda chake ndani ya boma la baba yake, karibu na lango. Akioa anaingiza mke humo humo. Siku ikifika anatoka, mzee wa ukoo mbele, yeye na jogoo, mtoto wake wa kwanza wa kiume na shoka, mke na moto: anaanzisha boma lake mwenyewe, kwa Kidholuo goyo dala, na huko ndiko anakojenga nyumba ya kueleweka. Lakini kutoka kuna foleni. Mkubwa kwanza, mdogo nyuma yake, na hakuna kuruka mtu. Mkubwa alikuwa baba mkubwa. Aliyemfuata alikuwa baba yangu. Na baba mkubwa alisimama mbele ya foleni hiyo miaka nenda miaka rudi, kama mtu aliyefika dirishani akasahau alichokuja kununua.

Kwa hiyo sisi sote tulikuwa bado tunaishi kwenye kibanda ambacho baba alikijenga akiwa kijana asiye na ndevu. Mvua ikinyesha, kila mtu alijua kona yake na sufuria yake. Mama alikuwa amenunua mabati polepole, kwa kuuza njugu zake, akayalaza juu ya dari, na kuku wakayageuza kliniki ya wazazi. Baba ni fundi cherehani hapo sokoni, mtu ambaye akikasirika anashona kwa kasi zaidi, basi. Hakuwahi kumwambia kaka yake neno. Mama ndiye aliyekuwa akisema kwa niaba ya wote, kila Krismasi, wakati baba mkubwa anapoteremka na suti yake ya Nairobi.

"Shemeji, mwaka huu?"

"Mwaka huu, shemeji. Nimalize tu hii kazi."

"Hiyo ya kufa?"

"Hapana, hii nabaki hai mpaka mwisho."

"Haya. Na sisi tutajaribu kubaki hai mpaka mwisho."

Mama mkubwa alikuwa akicheka pembeni, akipaa samaki wake wa kupeleka sokoni. Yeye naye alikuwa katika kibanda kama chetu, tena kilichochakaa zaidi. Kwa hiyo kicheko chake kilikuwa na mwiba, na baba mkubwa aliusikia.

Likizo ya Agosti nikiwa kidato cha tatu, baba mkubwa alikuja bila kungoja Krismasi, na akaniita nyuma ya ghala.

"Wewe si uko kwenye klabu ya drama huko shuleni?"

"Mimi ndiyo klabu yenyewe," nikamwambia. "Wengine wananisindikiza."

"Basi nisomee hii. Soma polepole, usiigize. Ukiigiza nitakuiga."

Ndipo nilipojua macho yake hayaoni tena maandishi. Huko Nairobi hakuna aliyelijua hilo. Alikuwa akijifunza mistari kwa kusikia, kama anavyojifunza wimbo wa dini mtu asiyesoma. Nilimsomea siku nzima, na ikawa kazi yangu likizo ile: mimi macho, yeye mdomo. Nilijaribu kuchomeka mistari yangu mwenyewe humo ndani. Aliitambua yote. "Huyu mwandishi hawezi kusema hivyo," ananiambia, "huyu ni nyathina, mtoto wangu mmoja mjinga ninayemjua."

Ilikuwa sinema ya televisheni, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alipewa kuwa mhusika mkuu. Kisa chenyewe kilinifanya nishindwe kusoma kwa kicheko: mzee aliyeishi mjini maisha yake yote anarudi nyumbani akiwa amechelewa, kuja kuanzisha boma lake.

"Baba mkubwa! Hii wameiandika kwa kukuchungulia dirishani?"

Hakucheka. Alitoa kofia, akaitazama ndani kama vile kuna jibu humo.

"Nikueleze kitu," alisema. "Mwigizaji akijenga nyumbani, Nairobi wanasema amestaafu. Simu inaacha kulia."

"Simu gani? Wewe huna simu."

"Ya ukumbini tunakoigizia, mjinga wewe. Inalia, mtu anaitika, ananiita kwa nguvu hadi barabarani wanasikia. Siku watakapoambiwa mzee yuko kwake anapanda mtama, nani atapoteza pumzi kuniita?"



Watu wa sinema walifika na magari mawili. Dairekta alikuwa kijana wa Nairobi, mpole, kofia kaigeuza nyuma, anaamkia wazee kwa mikono miwili kisha anasahau na kuwaita "msee", kama vijana wenzake wa mjini. Alitaka kujenga kibanda cha kuigizia, apige picha, abomoe, aende. Alidhani atapata shamba kwa asubuhi moja. Alizunguka hadi viatu vikabadilika rangi. Hakuna aliyempa.

"Nyumba ijengwe kwangu, isilaliwe, halafu ibomolewe?" jirani mmoja alimuuliza. "Mimi nimekukosea nini?"

Kwetu nyumba ya namna hiyo ni mkosi unaojitengenezea mwenyewe, mchana, kwa gharama yako. Nyumba ikisimama lazima ilaliwe siku hiyo hiyo. Dairekta aliandika kitu kwenye kiganja chake, nadhani lilikuwa neno "mkosi".

Babu mdogo ndiye aliyemaliza kesi. Babu mdogo ni ndugu wa babu yangu, na tangu babu afariki ndiye anayeongoza mambo yetu yote, kuanzia mahari hadi nani akae wapi mazishini. "Ardhi ipo," alisema. "Ile ambayo kaka yangu alimwonyesha huyu chifu wenu wa betri. Mbuzi wetu wameitunza vya kutosha."

Baba mkubwa alikubali haraka. "Ni sinema tu," alisema.

"Ndiyo," babu mdogo akasema. "Sinema."

Nilidhani nimemwona akimtazama baba yangu alipokuwa akisema hivyo. Lakini babu mdogo ana mtoto wa jicho upande mmoja, huwezi kujua kwa hakika anamtazama nani.

Dairekta alifurahi mpaka akafanya kosa la pili. Alitaka mambo yaonekane ya kweli, kwa hiyo akamwomba babu mdogo mwenyewe aongoze msafara, mbele ya kamera, awe babu mdogo. Na kijana wa kubeba shoka? Mtoto wa kwanza wa baba mkubwa, ambaye hufunga matairi pale Migori, alikuwa tayari ameshaombewa nafasi na baba yake, akaja na shati jipya. Kukabaki mke. Mke aliletwa kutoka Nairobi: dada mrembo, mwenye kucha ndefu, aliyejitahidi sana kushika kigae cha makaa bila kuungua.

Asubuhi ya kupiga picha, babu mdogo alisimama langoni na fimbo yake, akamtazama dada yule kuanzia kichwani.

"Huyu ni mke wa nani?"

"Ni mke wake, mzee," dairekta akasema. "Kwenye kisa."

"Yuko na mke hapa. Anaparua samaki kule."

"Mzee, tunaigiza tu."

"Wewe igiza. Moto wa boma la mtoto wa kaka yangu haubebwi na mgeni."

Nyanya naye akaongezea kutoka jikoni, hakuhitaji hata kutoka nje ili asikike. Dada wa Nairobi, Mungu ambariki, ndiye aliyeokoa siku: alimpa mama mkubwa kigae mwenyewe na kusema vidole vinamshukuru. Mama mkubwa akanawa mikono, akafunga leso upya.

"Unaweza kuigiza, mama?" dairekta akamuuliza.

"Mimi nimeigiza mke wa mtu miaka yote hii peke yangu jukwaani," alisema. "Leo angalau yeye mwenyewe amekuja."

Wakaondoka. Babu mdogo mbele. Baba mkubwa nyuma yake na jogoo kwapani. Kijana na shoka. Mama mkubwa na moto. Mimi nilitembea kando, nje ya kamera, na karatasi zangu mkononi, nimnong'oneze akisahau. Hapakuwa na cha kunong'oneza. Karatasi ilisema "mzee anatembea", basi. Lakini kina mama wa jirani hawakuwa wamesoma karatasi, wakaanza kupiga vigelegele, na wanaume waliokuja kuajiriwa wajenge wakavua kofia. Waliovua kofia, ukiitazama ile sinema siku hizi, utawaona pembeni, nusu bega, nusu mkono. Wengine bado wanalalamika kwamba walikatwa.

Walipofika kwenye kile kipande cha ardhi, babu mdogo akasema maneno yake, kijana akagusa ardhi kwa shoka, nguzo ya kwanza ikachimbiwa. Baba mkubwa alimwachilia jogoo. Jogoo akajikung'uta na kuanza kula, kama aliyekuwa na njaa ya hapo hapo miaka yote.

Fundi wa sauti akainua mkono. Baiskeli ilikuwa imepita chini barabarani, ikipiga kengele.

"Samahani, wazee wangu," dairekta akasema. "Tutarudia. Turudini kule nyumbani, mtoke tena."



"Arudi wapi?" babu mdogo akauliza.

"Pale tulipoanzia. Na jogoo."

"Mtu ametoka kwa baba yake, arudi ndani na jogoo mkononi? Unataka afe?"

"Afe kwenye sinema?"

"Afe."

Baba mkubwa, ambaye amekufa kwa kila njia iliyogunduliwa, alimeza mate. Dairekta alimtazama yeye amsaidie. Yeye alimtazama jogoo. Kisha akanisogelea, akainamisha kichwa kama anayeuliza mstari.

"Hii imeandikwa humo?"

"Haimo," nikanong'ona. "Imeandikwa unatembea tu. Umeshatembea."

Kwa hiyo sinema nzima ina mara moja tu ya lile tukio, na kengele ya baiskeli imo. Isikilizeni.

Ujenzi uliendelea bila kamera kuulizwa. Dairekta alitaka ukuta mmoja uachwe wazi ili apige picha ndani. Wajenzi walisimama na udongo mikononi.

"Na mvua nayo itapigwa picha ikiingia?" mmoja akauliza.

Ukuta ukajengwa. Baba yangu alikuwa amefunga cherehani, akaja, akakandika udongo upande wa nyuma kutwa nzima. Mama alileta uji na hakumtazama baba mkubwa usoni, na kwa mama huo ni uungwana mkubwa. Kila mtu pale alijua kilichokuwa mezani. Jua likizama na baba mkubwa akalala ndani ya ile nyumba, ametoka, na foleni imesogea. Akienda kulala kwingine, tumeshiriki katika mchezo wa kuigiza, na juu ya hapo tuna nyumba isiyolaliwa. Hakuna mtu ambaye angeweza kumlazimisha. Babu mdogo mwenyewe alienda kukaa mbali, akachonga kijiti ambacho hakikuwa cha kazi yoyote.

Jioni, watu wa sinema wakapakia vyuma vyao. Walikuwa wamelipiwa hoteli Homa Bay, na chumba cha baba mkubwa kilikuwamo. Dereva akawasha gari. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, suti yake imetundikwa pale ndani. Upande wa pili kulikuwa na nyumba yenye udongo mbichi, na mama mkubwa ameketi mlangoni akipepea ule moto wake usizime.

Baba mkubwa alisimama katikati. Nimemwona akisimama hivyo kwenye televisheni mara nyingi, kidevu juu, mkono kwenye mfuko wa koti, na kila mara nilijua ni uigizaji kwa sababu anajua upande ambao mwanga unatoka. Mara hii alikuwa ameupa mwanga mgongo.

Akanitazama.

"Soma," alisema.

"Karatasi imeisha, baba mkubwa."

"Hakuna mstari?"

"Uliobaki ni wako mwenyewe."

Nilitaka kuongeza kitu cha kuchekesha, nilikuwa nacho kabisa mdomoni, lakini nilimwona baba yangu nyuma ya nyumba, udongo umemkaukia hadi viwikoni, anajifanya kulainisha sehemu ambayo ilishalainika. Nikakimeza.

Dairekta akatoa kichwa dirishani. "Mzee, twende? Kesho tunaanza mapema. Tukuchukue hapa au kule?"

Nadhani kijana yule hakujua alichouliza. Aliuliza kama dereva yeyote anavyouliza. Lakini baba mkubwa alilisikia neno ambalo alikuwa amelisubiri: kesho, na gari, na watu wanaomhitaji, na wao hawajali anaamkia wapi.

"Mtanichukua hapa," alisema. Akageukia gari kwa sauti yake ya jukwaani, ile inayofika viti vya nyuma. "Na mniletee mkoba wangu! Na hiyo suti muiangalie, ina vumbi la kwenu!"

"Viatu uvue mlangoni," mama mkubwa akasema bila kuinua kichwa. "Sakafu bado mbichi."

Akavua. Soksi moja ilikuwa na tundu, na kwa hilo nilicheka kwa niaba ya wote tuliokuwa tumebana pumzi. Mama ndiye aliyeanza kulia, halafu akausingizia moshi.

Asubuhi nilifika mapema na chai, nikidhani nitamkuta baba mkubwa anajutia mgongo wake. Nilimkuta nje, shati wazi, anagombana na mbu ambaye hakuwapo. Upande wa chini, kwenye ardhi aliyogawiwa yeye, baba yangu alikuwa ameshaamka kabla yetu sote. Alikuwa na kamba ya katani na vigingi, anapima.

"Sogea kushoto!" baba mkubwa akamwamrisha kutoka huku juu. "Kushoto kwako! Lango linafunikwa na ule mti!"

Baba aliinua kichwa. Sijui mara ya mwisho alimjibu kaka yake lini.

"Hii si sinema," alisema. "Hapa ni kwangu."

"Ndiyo nasema, kwako panafunikwa na mti!"

"Basi njoo ushike kamba, uache kelele."

Baba mkubwa akaniachia kikombe, akateremka bila viatu, akashika ncha ya kamba, na wakaanza kubishana kuhusu lango.